Masaa Tisa ni ya Samaki

Jumatatu, 3 Julai 1995
Zamu ya asubuhi kiwandani. Tumekaguliwa kucha, tumevaa mabuti, tumekata sangara. Nimepima ubaridi wa minofu, nimeandika. Meneja akaniita. Nikadhani nimeharibu kitu. Kumbe barua: nimechaguliwa kwenda Uholanzi, miaka miwili, kusomea maabara ya samaki. Safari tarehe 19. Nimerudi nyumbani Mirongo kwa miguu, hata njia sikuiona.

Jumanne, 4 Julai
Ofisini kuna tufe la dunia. Nimelipima kwa uzi wa kushonea, Mwanza mpaka Amsterdam. Kilomita elfu sita na mia sita hivi. Rubani wa ndege inayopeleka minofu yetu huko kaucheka uzi wangu, kisha kasema: masaa tisa angani, ukiacha kutua kujaza mafuta.
Masaa tisa! Treni ya Tabora ilinila zaidi.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeota ndege imejaa maji ya ziwa. Naelea kati ya viti. Mama kakaa dirishani anachambua mlenda, hageuki.
Alifariki nikiwa shuleni Tabora. Treni ilichelewa. Nilifika wanasawazisha kaburi. Hata konzi moja ya udongo sikutupa. Sijajisamehe.

Jumapili, 9 Julai. Kisesa
Baba alikuwa anakamua. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akauliza moja tu: "Kabula, nikifa leo utafika lini?"
Nikajibu upesi: masaa tisa, Baba. Akacheka mpaka ng'ombe akageuka. Nami nikacheka. Nimerudi mjini naelea.

Jumatano, 12 Julai
Mjinga mimi. Masaa tisa ni ya samaki! Ile ndege haibebi abiria. Karani wa tiketi kanipangia safari ya mtu: Amsterdam mpaka Dar, kulala, kungoja ndege ya Mwanza, ikijaa kulala tena. Siku tatu, pengine nne. Kwetu maiti hangoji, kesho yake kazikwa. Minofu itafika na barafu yake, mimi nitakuta wanasawazisha. Tena.
Nimemdanganya Baba. Siendi. Barua ya kukataa nimeshaiandika, iko mkobani.

Jumapili, 16 Julai. Kisesa
Nimemwambia Baba ukweli, na kwamba siendi. Kisha kachukua jembe, kaniongoza nyuma ya zizi, kando ya kaburi la mama. Akachimba kishimo, kina cha sufuria.
"Tupa udongo."
Shangazi Milembe, dada yake, akapiga kelele: "Uchuro huo, kaka! Mtu hazikwi mzima!" Baba hakugeuka hata kumtazama.
Nikatupa. Konzi ya pili nikaitupa juu ya mama, hakuna aliyeniambia. Nikalia kwa sauti, kama siku ile.
Baba akafukia kwa mguu. "Umeshanizika. Siku ikifika, watamalizia wao. Nenda kasome." Akarudi kwa ndama, walikuwa wanalia.
Barua ya kukataa nimeichana njiani.

Alhamisi, 20 Julai. Angani
Kumepambazuka. Mawingu chini, meupe, hayaishi. Sijui tuko juu ya nchi gani wala sijamuuliza mtu. Masaa nimeacha kuyahesabu.
Nimeoga mara ngapi tangu Jumapili, lakini ukucha wa kidole gumba bado una udongo. Kiwandani wangenirudisha nyumbani.