Jukwaa la Mama Mkwe

Gitega, Jumapili jioni. Mvua iko inapiga mabati ya mtaa wetu, Nyamugari, umeme umekatika, na mi niko na nundu kwenye paji la uso. Niko na furaha pia. Wacha nieleze.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake Gasorwe, kule Muyinga. Msimu huu aliteleza akitoka kuchota maji, goti likavimba. Tangu hapo mke wangu Jeannine halali vizuri. Anataka mama ahamie kwetu. Mama kila mara iko na sababu: maharage hayajakauka, mbuzi yuko karibu kuzaa, njia imeharibika.

Nikaona nimbembeleze kwa njia yangu. Mama alikulia ukimbizini Tanzania, karibu na kituo kidogo cha treni, na usichana wake wote aliuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabehewa. Ukimtajia treni, uso wote unabadilika. Huku kwetu treni hakuna. Bon, mi natengeneza redio na simu sokoni, mikono iko. Nikaamua kumjengea kituo chake juu ya ubao, ajue kwamba Gitega kuna mtu anamfikiria.

Injini ya treni ya kuchezea alinipa Mzee Karim, Mhindi wetu muuza vitambaa. Ilikuwa yake ya utotoni. Reli na mabehewa aliniletea binamu toka Dar. Nikaweka injini juu ya reli, magurudumu yakakaa sawa. Nikaweka mabehewa, sawa pia. Nikajipongeza.

Hapo ndipo nilikosea.

Sasa najua, maana jioni hii nimesoma mpaka simu inataka kuzima. Kuna upana wa reli, yaani nafasi kati ya chuma na chuma; wenyewe wanaita geji. Halafu kuna skeli: kitu chenyewe kimepunguzwa mara ngapi. Mabehewa yangu yamepunguzwa mara themanini na saba. Injini ya Mzee Karim, mara sabini na sita tu. Donc injini ni nene zaidi, lakini waliozitengeneza walizipa zote reli ya upana mmoja. Magurudumu yanapatana, miili haipatani. Mi nilidhani kikikaa kwenye reli, basi yameisha!

Jukwaa la kituo, pale abiria wanaposimama, nililipimia behewa. Nililipitisha behewa na kalamu ya risasi ubavuni, nikakata karibu kabisa, likapendeza. Injini sikuijaribu tena. Gundi ilikuwa bado mbichi, na gari la Muyinga la Jumamosi asubuhi halingoji mtu.

Jana tukafika, mi na Jeannine, ubao kwenye magoti, betri ya pikipiki ndani ya mfuko. Na lazima niseme hili: mi na mama mkwe tunaheshimiana mpaka inachosha. Kwao mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe. Tangu harusi namsalimia kwa mbali, kichwa chini, ananiuliza habari za safari, basi. Kwa hiyo nikapanga ubao sebuleni juu ya mkeka, nikaunganisha nyaya, nikarudi kusimama karibu na mlango.

Treni ikaondoka. Mama akashika mdomo. Ikakaribia kituo, krrr, ikakwama. Injini imejibana kwenye jukwaa, magurudumu yanazunguka bure.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasahau desturi yote, nikalala kifudifudi, jicho kwenye reli. Sikuona kwamba mama naye ameshuka polepole na goti lake bovu, anachungulia upande wa pili. Tukainua vichwa pamoja.

Ko!

Jeannine, aliyekulia kanisani, akasema, "Yesu wangu!" Mi nikangoja kufukuzwa. Mama akaniangalia, akaangalia treni, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Na hatukuinuka tena pale mkekani, mi na yeye, mpaka chai ikaletwa. Akamwinua yule mwanamke wa mayai niliyemchonga kwa mti. Nilimpimia injini, mlango wa kituo nikaupimia behewa, kwa hiyo mama wa watu, na beseni lake la mayai kichwani, anauzidi mlango wake kwa urefu.

"Mkwe, huyu ni mimi? Mbona kituoni nitaingia kwa kutambaa?"

Halafu akasema bila kuniangalia: "Nilikuwa naiogopa nyumba yenu. Ni nyumba ya swala, na mimi jioni napenda kikombe changu cha pombe ya ndizi. Nikaona nitawabana, na nyinyi mtanibana."

Kumbe! Mbuzi, maharage, njia, yote ilikuwa hiyo.

Nikajibu kwa kigugumizi kwamba chumba cha uani kina mlango wake, na kikombe chake sitakichungulia. Akasema, "Haya," basi. Hakusema atakuja. Usiku nikageuka-geuka kitandani nikijiuliza kama nimemwelewa.

Nampenda yule mama. Sijawahi kuandika hivyo, na sijui kama mkwe anaruhusiwa, lakini nimeandika.

Leo asubuhi tukifunga ubao kwa kamba, nikamtafuta mwanamke wa mayai. Hayuko. Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya kiti, chini ya mkeka. Mama alikuwa mlangoni ananitazama. Akapiga-piga fundo la kitenge kiunoni mwake.

"Huyu nitamleta mwenyewe," akasema. "We nenda ukate jukwaa."

Kesho nikitoka msikitini, natafuta msumeno.