Mwende alipolala kando ya ziwa

Jumapili, Agosti 2021. Baridi ya kuuma, jua limechelewa kutoka. Nimerudi nyumbani na bado najiona kama niko ndotoni.

Mdogo wangu Mwende alijifungua mtoto wa kike mwezi uliopita. Kwetu Machakos, mama angekuwa ameshahamia kwake, anapika uji, anambeba mtoto ili mzazi apumzike. Lakini mipaka imefungwa kwa sababu ya korona. Mumewe anashinda kazini kwenye ghala la Wetherill Park, hapa Sydney. Mimi ninatunza wazee, na kwa hofu ya kupeleka ugonjwa niliapa sitamgusa mtoto.

Mama hunipigia kila asubuhi kunigombeza. "Mzazi haachwi peke yake, wewe! Huko Sydney mmekuwa mawe?"

Wiki hii Mwende aliacha kupokea simu. Jana akaniandikia kwamba akimtazama mtoto hasikii chochote moyoni.

Niliogopa sana.

Sheria inaruhusu watu wawili kufanya mazoezi nje, na mtoto mchanga hahesabiwi. Basi nikavaa raba, nikabeba chupa ya uji wa wimbi, mwanariadha kamili! Tukakutana kwenye njia ya msituni wanayotumia waenda kwa miguu, baiskeli na farasi. Mwende alitangulia akisukuma kigari cha mtoto, mimi nyuma na barakoa yangu.

Ukungu ulikuwa umelala chini na mikaratusi ilinukia kama ya kwetu. Ziwa la kwanza likajitokeza katikati ya miti, dogo, limetulia, na bata mmoja tu. Farasi wawili wakapita taratibu, mvuke ukiwatoka puani. Kwa muda nikasahau niko nchi gani.

Nilimmiminia uji. Alishika kikombe, hakunywa.

"Dada, sitaki uji. Nataka kulala."

Nilijiona mjinga. Mzigo wote ule, kumbe mtu anataka usingizi!

Tulipofika ziwa la pili, lililojificha nyuma ya matete, mtoto akaanza kulia. Mwende alisimama tu, kama anayesikia redio ya jirani. Kiapo changu kikaishia hapo. Nilipaka mikono dawa, nikakaza barakoa, nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso. Nikatandika koti langu kwenye nyasi. Mwende alilala kabla sijamaliza kumwambia alale.

Nikalizunguka ziwa polepole. Mtoto alinyamaza, akawa joto tupu mgongoni. Mawingu yalipita ndani ya maji, nami nikawa natembea juu yake, au ndivyo nilivyohisi.

Mzungu mmoja wa baiskeli alipunguza mwendo. "She okay?"

"Just tired. New mum."

Akashuka, akaikokota baiskeli yake taratibu asimwamshe, mpaka alipopotea kwenye miti. Nilitaka kulia.

Jua lilikuwa limepanda Mwende alipoamka kwa kushtuka, maziwa yamemlowesha fulana.

"Yuko wapi?"

Nikamgeuzia mgongo.

"Mfungue basi. Ana njaa huyo."

Alimnyonyesha palepale, akimsemesha kwa Kikamba kwa sauti ya chini. Sikusogea kusikiliza. Yalikuwa mambo yao.

Sijui kama nilifanya vyema. Siku hizi chache nitajipima joto na kusali, na nikikohoa hata kidogo sitasamehe mikono yangu. Najua pia kwamba lazima aende kwa daktari, na nitamsindikiza mpaka mlangoni.

Jioni hii simu imelia. Ni yeye.

"Kesho tunatembea saa ngapi?"