Karisa Mara Nne

Jumatatu, 12 Mei 2025

Karisa kamng'ata Mahira wangu. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, meno yote yamejichora. Darasani kwangu mwenyewe, mwanangu mwenyewe — nami nilitoka dakika mbili tu kufuata chaki ofisini. Gredi ya pili, watoto wa miaka saba. Nilirudi nikakuta wenzao wamepanda madawati kutazama.

Nikamvuta Karisa kwa kola. Sikumpiga. Nilitaka. Macho yake yalikuwa kwenye ile karatasi ya wapiga kelele, ambayo Mahira alikuwa bado ameikamata. Mahira ndiye monita wangu. Nilimpa kazi hiyo Januari maana alikuwa mnyonge mno, ukimwita tu machozi. Nikasema atapata ujasiri. Nikitoka, anaandika anayepiga kelele. Nikirudi, natia sahihi. Aliyeandikwa hukaa ukutani breki nzima. Sipigi watoto mimi, nina utaratibu. Walimu wenzangu waliusifu.

Mama kamkanda mjukuu wake kwa maji ya chumvi na kuapa kwamba haendi shule wiki nzima. Asema huyo mtoto yuwauma kama paka, na hao si wenzetu. Moyoni nilikuwa nimekubali.

Jumanne, 13 Mei

Nimempa Bwana Gharib, mwalimu mkuu, ripoti. Ukurasa na nusu. "Ukatili wa mara kwa mara dhidi ya wanafunzi wenzake." Nikaandika kwamba ushahidi upo: orodha zote tangu Januari, ziko kwenye faili langu, na Karisa yumo karibu kila siku. Akasoma, akatikisa kichwa, akaamua. Mzazi aitwe Jumatatu, mtoto atafutiwe shule nyingine. Nilitoka roho yangu baridi.

Saa saba mama yake Karisa alikuwa langoni. Mbodze. Anafulia watu nguo Kizingo, vidole vimejikunja kwa maji. Ati nimsamehe, amemchapa jana mpaka yeye mwenyewe akalia. Ati hapa Tononoka ndiyo shule pekee anayoweza kumfikisha kwa miguu kabla ya kazi. Nikamwambia, Mama Karisa, kuchapa si dawa. Kwa ile sauti yangu ya semina. Akanishukuru.

Jumatano, 14 Mei

Mahira yuko nyumbani, kwa hiyo karatasi nimempa Stacy. Katoto kadogo, kasafi, hakana maneno. Sijafika mlangoni akaniuliza:

"Ticha, Karisa nimuandike ngapi leo?"

Darasa lilikuwa kimya. Karisa kalaza kichwa juu ya dawati, peke yake. Nikamwambia Stacy, mbona hajapiga kelele? Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kanuni za darasa. Mahira humuandika nne asubuhi, asema. Halafu anaendelea.

Na anayekaa na Karisa?

"Huyo pia yuwaandikwa. Lakini ukimpa Mahira kachiri zako za breki, yuwakufuta."

Alivyolisema! Kama mtu anayekuelekeza choo kilipo.

Alhamisi, 15 Mei

Nilibaki baada ya watoto kuondoka. Rejista mkono huu, faili la orodha mkono huu.

Tarehe sita hadi nane Karisa hakuwapo. Alikuwa Kaloleni, mazishi ya babu yake; barua ya Mbodze nimeibana mwenyewe ndani ya rejista. Orodha ya tarehe saba: Karisa x4. Charo x1. Emmah x2. Chini yake sahihi yangu, nzuri, yenye mkia.

Mtoto yuko matangani kwa babu yake, mimi natia sahihi kwamba ananipigia kelele darasani.

Sikusoma hata siku moja. Nilikuwa nikitia sahihi tu, kwa sababu mwandiko ni wa mwanangu na unapendeza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nguo yenyewe nimeishona.

Breki zote hizo ukutani. Na mara moja aliponyanyuka kuipokonya ile karatasi, akauma mkono unaoandika. Mimi pia ningeuma.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemuuliza Mahira nikimsuka nywele, asinione uso. Hakukana. Hilo ndilo linaloniua.

"Kwani si wewe ulimwambia Bibi kwamba Karisa atakutoa roho?"

Nilisema. Februari, tukila. Nikasema pia kwamba watoto kama wale wakikaa pamoja hawafundishiki, afadhali kuwatenganisha. Nilikuwa nimechoka, nazungumza na mama yangu, na huyu kaketi hapo na mkate wake wa mofa, nikidhani anakula.

"Basi nikamtenganisha," asema. "Wakiogopa kukaa naye, hatakusumbua."

Amenifanyia mimi. Nilikaa na chanuo mkononi. Nikamwambia ni dhambi kumsingizia mtu. Akauliza kama nywele zimekwisha.

Mama, kutoka jikoni: mtoto mdogo huyo, hajui afanyalo. Anajua, mama. Anajua kuliko mimi.

Jumapili, 18 Mei

Nimempeleka Mahira ufukoni Mama Ngina, nikamnunulia mihogo ya kukaanga. Akawapa watoto wa watu nusu, kwa mpango: huyu ndiyo, huyu hapana. Nimeona aibu, nikatazama bahari.

Ripoti mpya nimeiandika, ya kweli. Mistari sita. Imo kwenye mkoba. Mkataba wangu unakwisha Julai, na Bwana Gharib ndiye anayeamua. Mwalimu aliyempa bintiye kalamu ya kuonea wenzake — nani atamwekea darasa huyo? Nachukia kwamba nalifikiria hili. Nalifikiria hata hivyo.

Jumatatu, 19 Mei

Saa mbili na nusu. Naandika hapa bench ya nje ya ofisi, tukingoja kuitwa. Mahira kushoto kwangu, bandeji mpya. Jeraha lilishapona, mama ndiye aliyeng'ang'ania. Mbodze na Karisa bench ya pili. Mbodze kavaa gauni la kanisani. Karisa kanyolewa.

Nasema. Nikiingia tu nasema.

Mbodze anamsukuma mwanawe: nenda kamuombe mwenzako msamaha kabla hatujaitwa. Karisa amekuja. Kasimama mbele yetu, macho chini. Mahira amempa mkono, ule wa bandeji — mgongo wa kiganja juu, kama ninavyompa wangu kila asubuhi aubusu. Karisa hajui afanye nini. Mbodze amemwinamisha kichwa. Ameubusu.

Nami nilikuwa nimekaa hapa hapa.

Mlango umefunguliwa. Bwana Gharib: "Mwalimu, karibu. Njoo na lile faili la orodha." Nimemwomba dakika moja. Mbodze amesimama, ananingoja mimi nitangulie. Faili liko mapajani. Rejista chini yake. Mistari sita bado imo mkobani.

Mahira amechungulia daftari hili, ameniona ninavyoandika mbiombio. Ananinong'oneza sikioni:

"Mama, wamuandika nani?"