Tangazo la Mwaka wa Sitini na Nne

Kalemie, tarehe 14 Januari 1985

Binti yangu Émérence,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Mwili uko muzima? Ile baridi ya Kenya uliyoniandikia imepunguka? Sisi hapa tuko wazima. Mama yako aliumwa malaria wiki ya Noeli, lakini sasa anakwenda kuteka maji mwenyewe. Ziwa limechafuka na meli ya Kigoma imechelewa siku tisa, kwa hiyo usishangae barua hii ikifika na alama za maji.

Nimefurahi kusikia kwamba chuo kikuu kimekukubalia masomo yote matatu: Kiingereza, mawasiliano, na ile kazi ya kupanga herufi na picha kwenye karatasi. Hiyo ya tatu njo kazi yangu mimi, hata kama hukuniona nikiifanya. Ulikuwa na mwaka mumoja tu nilipotoka kwenye imprimerie, ile nyumba ya kuchapa vitabu ya misioni. Unanijua kama muntu wa kubeba mifuko ya chokaa kule Kabimba.

Sasa sikiliza. Kanisa linataka kufungua tena ile imprimerie. Mashine ingali pale, imefunikwa turubai. Muchungaji Norbert ameniuliza kama nina karatasi ya kuonyesha kwamba nilikuwa fundi. Ninayo. Bwana Pelham, yule muzungu wa misioni, aliniandikia barua mwaka wa 1964 kabla ya kurudi kwao Uingereza. Aliniambia: “Muonyeshe yeyote atakayekuuliza habari ya kazi yako.” Iko kwa Kiingereza. Nimeionyesha wazungu watatu wanaojua lugha hiyo, na kila mumoja alinirudishia kwa mikono miwili akisema ataniita. Labda nafasi zilikuwa zimejaa.

Nimekunakilia barua hiyo herufi kwa herufi, kama nilivyokuwa nikipanga vitabu vya Kiingereza bila kujua maana. Sikukosea hata nukta. Itafsiri kwa Kiswahili, kamati ya kanisa ipate kuisoma.

Mama Adrienne, jirani yetu, anakusalimia. Jumamosi nilipalilia mihogo yake ng’ambo ya muto Lukuga. Imestawi.

Ni mimi baba yako,
Casimir Kalumba


Nairobi, 20 Machi 1985

Papa mupendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba malaria haikurudi. Mimi niko muzima. Barua yako ilifika baada ya wiki tano, kavu kabisa.

Masomo yanaendelea. Kila asubuhi tunaanza na ibada ya robo saa, halafu Kiingereza. Mwalimu wetu hataki tutafsiri kichwani, anataka tufikiri moja kwa moja, na mimi bado nafikiri kwa Kiswahili na kuhesabu kwa Kifaransa. Kwenye mawasiliano tunajifunza kwamba habari ina wawili, anayeituma na anayeipokea, na mara nyingi hawaelewi kitu kimoja. Kwenye michoro nimechora bango la kampeni ya kuchemsha maji. Mwalimu alisema herufi zangu zimesongamana. Nilicheka, maana ungeona hilo kabla yake.

Ile barua nimeipata. Niko na mitihani. Nitaishughulikia.

Mtoto wako,
Émérence


Kalemie, tarehe 2 Mei 1985

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Naandika kwa ufupi kwa sababu mubebaji anaondoka sasa hivi kwenda bandarini.

Kamati inakutana Julai. Kuna muntu mwingine wa Moba anaomba hiyo kazi, lakini yeye alijifunza kwa mashine ndogo ya ofisi tu. Tafsiri yako njo inangojewa. Haina kurasa nyingi, ni mistari kumi na moja. Kama kuna maneno magumu, muulize mwalimu wako.

Baba yako


Nairobi, 9 Juni 1985

Papa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wote wazima.

Sikumuuliza mwalimu. Maneno hayakuwa magumu. Niliyaelewa siku ile ile ya kwanza, na mitihani niliyokuambia ilikuwa imekwisha.

Papa, nilifanya tafsiri mbili. Ya kwanza nilitunga mwenyewe. Ilisema wewe ni fundi bora, mwaminifu, na kanisa litabahatika kukupata. Niliipiga mashine vizuri, nikatia hata sahihi ya Bwana Pelham chini. Nikakaa nayo wiki sita. Halafu nikaichana, kwa sababu siku moja atakuja hapo Kalemie muntu anayejua Kiingereza, nawe utamupa ile barua yenyewe kwa mukono wako. Na kwa sababu imesema jambo ambalo nataka kulisikia kwako.

Hii ndiyo ya pili:

“Kwa yeyote inayemuhusu. Casimir Kalumba alifanya kazi kwetu miaka sita. Ni fundi muzuri, hana ulevi, huwahi kazini. Tulipokuwa tumeondoka wakati wa uasi, aliwafungulia waasi mulango wa imprimerie na kuwachapia tangazo lililosababisha watu kufa. Nimemusamehe kama Mukristo. Lakini sishauri awekwe tena mahali penye mashine ya kuchapa, wala kukabidhiwa ufunguo wowote.”

Ni hayo tu. Je, ni kweli?

Émérence wako


Nairobi, 30 Agosti 1985

Papa na Mama,

Shikamooni. Mimi muzima. Sijapata barua tangu ile ya Mei. Wanafunzi wawili wa Uvira wamepokea barua zao, kwa hiyo najua posta inafanya kazi.

Papa, sikukuhukumu. Niliuliza tu. Kama hutaki kujibu, andika “tuko wazima,” inatosha.

Émérence


Kalemie, tarehe 17 Novemba 1985

Binti yangu Émérence,

Nakusalimia. Tuko wazima. Mama yako amekasirika kwamba nilikunyamazia, na ana haki.

Uliponitumia maneno ya Bwana Pelham, nilikwenda na tafsiri yako kwa Muchungaji Norbert. Nikamupa asome. Akasoma mara mbili, akauliza: “Kamati isome na hii?” Nikamujibu: “Kamati isisome. Mimi natoka.” Kazi amepewa yule wa Moba.

Umeuliza kama ni kweli. Nitakuandikia yote, kisha utajua wewe.

Waasi walipoingia muji, Bwana Pelham alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Kigoma. Ufunguo aliniachia. Siku ya Ijumaa wakaja vijana wanne na mukubwa wao. Akaniwekea karatasi mezani: watumishi wote wa serikali waje Jumatatu saa mbili asubuhi uwanja wa mupira, waandikishwe, warudishwe kazini. Nikasema mashine imeharibika. Mama yako alikuwa amesimama mulangoni na chakula changu, wewe mgongoni. Yule mukubwa akamuangalia, akaniuliza:

“Huyu mutoto ni wa nani?”

“Wangu.”

“Basi mashine itapona.”

Ikapona. Nilichapa sitini.

Bwana Pelham aliporudi kutoka Kigoma aliambiwa, akaandika mpaka hapo. Hapo sina deni. Kuna jambo ambalo yeye hakulijua, na mama yako pia alilijua juzi tu.

Jumapili baada ya ibada Hippolyte alinifuata nyumbani. Hippolyte Lubunda, mume wa Mama Adrienne, karani wa posta. Wewe hukumujua. Alikuwa na tangazo mukononi, amelibandua ukutani. Akasema: “Casimir, hii njo herufi zako. Unaonaje? Ni ya kweli?”

Tulikuwa wawili tu, nyuma ya nyumba. Hapakuwa na askari, hapakuwa na mupita njia. Ningeweza kusema usiende. Ingekuwa neno moja tu. Lakini niliwaza kwamba akikosekana wataulizana nani alimuonya. Nikamujibu: “Njo vile walivyoandika.”

Akakunja karatasi, akanishukuru. Jumatatu akavaa shati jeupe akaenda. Walikuwa watu kumi na tisa. Hakurudi hata mumoja, na makaburi hatukuonyeshwa.

Kwa hiyo nalima shamba la Mama Adrienne. Wewe ulidhani ni ujirani.

Baba yako


Nairobi, 6 Januari 1986

Papa yangu,

Shikamoo. Mwaka mupya uwe muzuri kwako na kwa Mama. Mimi niko muzima, isipokuwa macho yanachoka kwa kazi ya michoro.

Nilisoma barua yako uwanjani, halafu nikaingia darasani, nikaandika kila alichosema mwalimu. Jioni niliangalia daftari nikakuta mwandiko ni wangu lakini sikumbuki kuandika.

Mimi ndiye nilikuwa mgongoni. Siwezi kukuambia ulikosea kuchapa. Kuhusu yale mengine, mwenye kujibu si mimi. Mama Adrienne alinisuka nywele miaka yote ya shule ya musingi. Kila niliporudi likizo aliniuliza: “Baba yako hajambo? Anasema nini?” Nilikuwa najibu kwamba hasemi kitu.

Muambie, Papa. Nenda na Mama, au nenda peke yako. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa.

Émérence wako


Kalemie, tarehe 27 Aprili 1986

Binti yangu Émérence,

Nakusalimia sana. Habari ya macho? Usisome bila taa nzuri. Mama yako muzima, mimi muzima, mvua zinakaribia kwisha na dagaa zimeonekana tena.

Nilikwenda mwezi wa pili, muchana, peke yangu. Mama Adrienne alikuwa anaanika mihogo. Sikukaa. Nikamuelezea tangazo, na Hippolyte nyuma ya nyumba, na lile neno nililomujibu. Hakuacha kuanika mpaka nilipomaliza. Halafu akasema:

“Muji muzima mashine ya kuchapa ilikuwa moja, Papa Émérence. Ulidhani sijui?”

“Na ile ya Jumapili?”

“Aliporudi aliniambia: Casimir hakunitazama usoni. Nikamuambia asiende. Akasema huko posta wamemuzoea, nani atamudhuru.”

Nikamuuliza sababu ya kuniacha nilime shamba lake miaka ishirini na moja. Akasema: “Nilikuwa nangoja useme. Ulikuja na jembe, hukuja na maneno. Sasa jembe lipeleke kwako. Wajukuu wangu watalima.”

Nikafikiri yamekwisha, nikageuka. Akaniita.

“Mume wangu hakutangazwa. Kumuita mulimuita kwa karatasi, kufa amekufa bila karatasi. Nataka moja ya kifo chake. Uichape wewe. Na chini uweke jina lako. Ile ya kwanza haikuwa na jina la muntu.”

Nilikwenda kwa Muchungaji Norbert. Yeye aliogopa jina Hippolyte, kwa sababu serikali haitaki majina ya Kikristo kwenye karatasi. Mama Adrienne akamuambia: “Nilimulilia Hippolyte. Sikumulilia mwingine.” Muchungaji akatoa ufunguo. Yule fundi wa Moba aliniachia mashine asubuhi moja, akakaa nje.

Najua ungependa kuipanga wewe, nawe sasa unajua zaidi yangu. Samahani, sikukungoja. Mustari wa pili niliupanga mara tatu. Nilichapa sitini. Tulibandika kanisani, sokoni, na posta, ambako karani mumoja muzee aliisoma akaenda kuita wengine.

Matanga yalikaa siku tatu. Walikuja watu wa wale wengine kumi na wanane pia, hata kutoka Kabimba na Mpala. Nilikaa upande wa wanaume karibu na mulango. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyenisogelea. Siku ya tatu Mama Adrienne alipitisha chakula. Alipofika kwangu aliweka sahani, akaendelea.

Jana wamekuja wajane wawili nyumbani. Nao wanataka karatasi za waume wao. Muchungaji ameniruhusu Jumamosi.

Nakutumia moja. Mistari nimeiweka katikati. Niambie kama njo vile wanawafundisha.

Baba yako,
Casimir


TANGAZO LA KIFO

HIPPOLYTE LUBUNDA
karani wa posta
mume wa Adrienne, baba wa watoto watatu
miaka thelathini na mumoja

Aliitwa uwanja wa mupira
Jumatatu tarehe 10 Agosti 1964.
Alikwenda. Hakurudi.

Matanga nyumbani kwa mujane wake.

Limechapwa na Casimir Kalumba, Kalemie