Mkeka Uko kwa Mama Yako

Ndugu yangu Rajabu,

Tulikupoteza Jumanne asubuhi, wiki ile mvua za kwanza zilipoanza, kwa homa ambayo kila mtu kwenu Koboko alisema ni ya kawaida. Timu yetu ya kriketi ilipoteza mrushaji wake wa kasi. Mama yako alipoteza mwana. Mimi nilipoteza pia nafasi ya kukuzika, na hilo bado sijalimeza.

Sisi Wakristo wa Mvara, hapa Arua, tulipanga kama tunavyopanga misiba yetu: watu walale hapo, waimbe, wangoje ndugu wa mbali, ndipo maziko. Nikafunga duka la vipuri, nikatafuta lori, nikawapanga mashabiki thelathini tuondoke Jumatano. Tulipofika kwenu ulikuwa ardhini tangu adhuhuri ya jana yake. Baba yako mdogo, yule mwanajeshi mstaafu, alitutazama tukishuka na maua yetu akasema, "Nyinyi watu ya Arua, maiti hapana ngoja lori."

Kwamba Waislamu huzika siku hiyohiyo nilijua. Nina majirani Waislamu mtaa wa Oli, nimeshika majeneza yao mara ngapi! Lakini wewe nilikuwa nimekuhesabu kuwa wetu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonichelewesha.

Siku hizi mchana, wateja wakipungua, nalaza kichwa juu ya kaunta na uwanja wa Koboko unakuja wenyewe. Unakuja mpana kuliko ulivyo, nyasi zikitoa mvuke baada ya mvua. Wewe unarudi nyuma, unarudi, unavuka njia ya sokoni, maana mbio zako zilianzia nje ya uwanja, ng'ambo ya njia. Watu wanasimama wenyewe: mwenye baiskeli ya mkaa, mwenye mbuzi, mama mwenye beseni la unga wa muhogo kichwani.

"We mutoto," mama huyo alikuuliza siku moja, "iko nakimbiza nani?"

"Mama, ile mutu nashika gongo ya kupiga mpira."

"Amekuibia nini?"

Ulicheka mpaka ukalazimika kuanza mbio upya. Waendesha boda walipiga honi zote kwa pamoja, kisha wakanyamaza mara tu mguu wako ulipokanyaga mkeka uliotandikwa katikati ya uwanja ili mpira udunde vizuri. Ukimya ule ndio ninaoukumbuka kuliko kelele. Ilikuwa kama mji mzima umevuta pumzi ukasahau kuitoa.

Siku hiyo nahodha wa timu ya askari alikutania kabla ya mpira wa kwanza: "Leo nakupiga mpaka Kongo." Ukamjibu, "Afande, ona mpira kwanza." Hakuuona. Vijiti viwili nyuma yake viliruka, naye akabaki na gongo juu kama mtu anayengoja kupigwa picha. Sasa mashabiki wanasimulia kwamba mchana ule uliwatoa wachezaji tisa. Niliyeandika matokeo ni mimi. Walikuwa sita. Nikiwasahihisha wananiita bahili, lakini wewe si mtu wa kuongezewa. Sita ni wengi.

Tulipoketi matangani kwenu, nilijua kwa kiganja tulichoketi juu yake. Ule mkeka wetu wa kriketi, mmoja tu tulio nao, mzito, wa nyuzi za nazi, uliokuwa ukiutunza chumbani kwako, walikuwa wameutandaza uani kwa ajili ya waombolezaji. Nikapapasa mpaka nikapata mahali mguu wako wa kushoto ulipokuwa ukitua, pale palipochakaa ukapashona kwa uzi wa gunia. Nikasogea, nikaketi hapo. Watu wakasoma dua. Sikujua maneno, nikainamisha kichwa pamoja nao.

Sasa nikuambie lililonileta. Askari wanarudi Jumamosi kucheza nasi, mchezo wa kwanza tangu uondoke. Bila mkeka hakuna mchezo. Mpira ukidunda kwenye udongo ule utamvunja mtu meno. Jumapili nilikwenda Koboko na sukari na sabuni, nikamkuta mama yako akianika mihogo.

"Mama, Jumamosi iko mchezo. Tunaomba mkeka."

"Mukeka gani? Ile watu nakalia kuombea mutoto yangu?"

"Ndiyo ile, Mama. Ni ya timu." Nilishika upande mmoja tulipoushusha kwenye paa la basi siku timu ilipoletewa, kwa hiyo nilisema kwa haki.

"Basi Rajabu atasema. Akikuja kwa ndoto akaniambia toa, natoa. Kama hapana sema, hapana toa."

"Na amekuja?"

Akageuza mihogo, kipande kimoja kimoja. "Bado. Kwako anakuja?"

Ningeweza kudanganya. "Anakuja, Mama. Mchana."

Rajabu, alinitazama kama mtu aliyepanga foleni ya kisima tangu alfajiri kisha akaona ndoo ya mgeni inajazwa. Kisha akairudia mihogo yake. Nilirudi Arua nikiwa na aibu ya kitu ambacho sikukiomba.

Mkeka niliudai kwa haki, nikaondoka nikiona haki yangu ndogo. Kwa hiyo acha kuja dukani kwangu. Nimekuona vya kutosha ukikimbia bila kufika. Mimi nina wateja na matokeo yako yote kichwani. Yeye ana ua wenye mkeka na usingizi usioleta mtu. Nenda kwake. Kaa kidogo, umsalimie vizuri, umwite Mama kabla ya kutaja kriketi.

Kisha umjibu. Ukisema hapana, nitawapigia askari simu wasije, na hutasikia lawama yangu. Ukisema ndiyo, nahitaji Ijumaa nzima ya jua kuukausha na kuunyoosha. Kwa hiyo ni ndiyo au hapana, Rajabu, kwa mdomo wako mwenyewe, kwake na si kwangu, kabla jua la Ijumaa halijachomoza.

Ni mimi, mwandika matokeo wako wa Mvara.