Kwa Leonce, Mwenye Vikaragosi vya Magunzi

Mwaka umezunguka, Leonce, tangu tulipokulaza nyuma ya mibuni hapa Oldeani. Nyasi zimeshaota juu ya kaburi lako. Mama yetu, Blandina, huzing'oa mwenyewe kila Jumamosi na hataki mtu amsaidie.

Tunakumbuka ucheshi wako. Hukufundishwa na mtu, ulizaliwa nao. Gunzi la hindi, kipande cha kitenge, macho ya mkaa, basi, mtu amepatikana. Ulitundika khanga ya Mama mlangoni pa banda la kuku, ukajificha nyuma yake, na watoto wa vibarua wa shamba la kahawa wakakaa chini kukusubiri. Ulikuwa na mzungu aliyeibiwa ndizi na nyani. Ulikuwa na katekista anayesinzia katikati ya sala. Ulipokuja kuwa dereva wa watalii kule kreta, wageni walikupenda kwa masihara hayohayo.

Ulikuwa na malaika pia. Malaika alikuwa mdogo wako Dorkasi, miaka minane, aliyekuamini kuliko alivyomwamini padri. Mama alishakataza mtu kupanda kihenge cha mahindi. Wewe ulimfunga Dorkasi khanga mabegani, ukampandisha, ukamwambia, "Nikiita, ruka. Nitakudaka." Ukaingia nyuma ya pazia, ukaita. Akaruka. Mikono yako yote miwili ilikuwa na magunzi.

Mguu uliunga vibaya. Mama alipouliza, ulisema mtoto alipanda kwa ukaidi wake. Dorkasi alikubali, maana ulimnong'oneza kwamba akisema ukweli hatacheza tena. Mama akamchapa, mguu ukiwa bado umefungwa vijiti. Wiki iliyofuata ulikuwa na gunzi jipya, mguu mmoja mfupi, linachechemea. Watoto walicheka mbavu zikawauma. Naye Dorkasi alicheka, alitaka kubaki mchezoni.

Miaka thelathini na minne Mama amekuwa akiwaambia wageni, "Leonce hajawahi kunidanganya. Yule mwingine ndiye sikio la kufa, mguu wake mnauona." Hata mchumba wa Dorkasi aliambiwa hivyo. Hakurudi.

Ulipougua, Dorkasi ndiye aliyekuogesha na kukulisha uji. Asante hakuitaka. Alitaka useme mbele ya Mama kwamba wewe ndiye uliyempandisha, na kwamba hukumdaka. Uliahidi. "Jumapili," ulisema, "Mama akitoka misa."

Jumapili Mama akaja, akakaa kitandani kwako, ndugu wote tukasimama. Ukaomba gunzi. Ukalivisha leso, ukalitembeza taratibu juu ya blanketi, likichechemea. "Huyu mnamjua?" Tulicheka wote, tusidanganye. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Dorkasi alikuwa ameshika beseni lako la matapishi. Jumatano ukafa.

Tangazo hili la kumbukumbu ameliandika Dorkasi, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri. Kaka yetu Piusi alipolisoma aliomba tupunguze kidogo.

"Marehemu hasemwi vibaya, dada."

"Sijamsema vibaya," Dorkasi akamjibu. "Nimemkumbuka."

Mkeo Antonia alilisoma mara mbili, kisha akasema na jina lake liwekwe.

Wanaokukumbuka ni Antonia, wanao Simon na Martha, Piusi, Dorkasi, na mama yako, ambaye hajui kusoma na mpaka tunaandika haya hajasikia hata mstari mmoja. Ameomba tu asomewe yote, neno kwa neno, maana anapenda kusikia habari zako.

Atasomewa Jumapili hii hapa nyumbani, baada ya misa ya kumbukumbu, akiwa kiti cha mbele na majirani nyuma yake. Msomaji ni Dorkasi. Itamchukua muda kufika mbele, kwa mguu ule, lakini atafika.

Kukusahau, Leonce, hatuwezi.