Viazi Vitano vya Karin

S.L.P. 41,
Brekke,
Dakota Kaskazini.
17 Agosti 1986.

Mpendwa Dada Ardis,

Habari za huko Alaska? Je, kikohozi cha shemeji Gus kimepoa, au bado anakataa kwenda kwa daktari kama kawaida yake? Sisi huku tu wazima. Goti langu linanisumbua mvua ikikaribia, na mume wangu Orville yuko kwenye ngano kutwa nzima, anarudi na vumbi hadi masikioni. Mama anakula vizuri na anakuulizia kila Jumapili.

Mwili mzima, lakini roho imechafuka. Maonyesho ya kaunti yamefungwa juzi, na mpaka leo sijaacha kuyasema.

Siku hizi watoto wanaandikishwa tu kwenye mashindano, kazi wanafanya wazazi. Kwenye meza za maonyesho nimewahi kupokea kibanda cha ndege kilichorandwa kikalainika kama sabuni, na mtoto mwenyewe hajui kinafunguliwa wapi. Nimepokea keki ya dukani iliyohamishiwa kwenye sufuria ya nyumbani, na mama mtu ananikazia macho bila hata kupepesa. Na hao hao ndio wanaokaa viti vya mbele kanisani.

Lakini la kunitapisha hasa limetoka kwetu. Karin, binti wa kaka yetu Dale, amefikisha miaka kumi na mmoja na yuko kwenye klabu ya vijana ninayoiongoza. Mwaka huu alilima viazi peke yake, ile mbegu nyekundu uliyomtumia. Alipanda Mei, na Juni yote aliwaokota mbawakawa mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Jumamosi kabla ya maonyesho nilimsaidia kuchimba. Vilikuwa na makovu, na ukubwa ulipishana, lakini alipata vitano vinavyokaribiana akavisugua kwa brashi kavu, maana kiazi cha maonyesho hakioshwi. Alitaka jambo moja tu, mwamuzi avione alivyovitoa ardhini mwenyewe na amwambie amefikia wapi.

Jumatano asubuhi Karin alikuwa kwenye banda la mifugo, akimsaidia rafiki yake kuosha ndama. Aliyeleta sahani mezani kwangu ni mama yake, wifi yetu Yvonne, mimi nikiwa msimamizi wa mboga. Nilifunua kitambaa nikakuta viazi vitano laini, vimelingana kama mayai, vinang'aa. Vilikuwa vya shamba la baba yake Yvonne, lile la kumwagiliwa kwa mashine. Na kwa kuwa yeye hajawahi kushika udongo, alikuwa ameviosha kwa sabuni ya vyombo.

Nikamwuliza vya mtoto viko wapi. Akasema vile si vya kuonyesha watu.

"Wifi, usinianze," akaniambia. "Kila mtu anafanya. Au unataka mtoto aaibike?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Sikukataa. Klabu yetu haijapeleka mtoto maonyesho ya jimbo kwa miaka minne, na wale wa klabu ya ng'ambo ya mto hawachoki kunikumbusha. Nikauona utepe wa zambarau, ule wa washindi wanaokwenda jimboni, kabla haujatolewa. Pale mezani palikuwa na chungu cha maua. Nikachota udongo kwa vidole, nikavipaka vile viazi ili visionekane vimeoshwa, kisha nikaandika jina la Karin kwenye kadi kwa mkono wangu huu.

Mchana waamuzi huketi na kila mtoto na kumhoji. Wetu alikuwa mzee mpole wa kaunti nyingine. Alimwuliza Karin alipanda lini na wadudu aliwashinda vipi, naye akajibu yote bila kusita. Kisha mzee akamwekea kiazi kimoja mkononi ili aeleze kwa nini alikichagua. Karin akakigeuza, akakigeuza tena, akausugua udongo kwa kidole gumba. Udongo wetu ni mweusi mtupu na unanata. Ule wa chungu, wa kununua dukani, una chembe nyeupe. Akatazama aproni yangu, nayo ilikuwa na chembe zile zile.

"Hivi si vyangu, babu," akamwambia mwamuzi. "Vyangu vina makovu."

Mzee akaweka kalamu chini. Karin akanigeukia.

"Shangazi, ulijua?"

Watu walikuwa wamejaa. Nikamwambia anyamaze, tutaongea nyumbani. Ndilo jibu nililompa. Yvonne alitoka nje akilalamika kwamba mtoto hana shukrani, Dale akakodolea macho viatu vyake, na mzee akaichana ile kadi taratibu.

Siku nne hizi nimemsema Yvonne kwenye simu na jikoni, mpaka Orville ameomba awe anakula shambani. Ananitia kinyaa kweli. Lakini nikinawa mikono najua ni ipi iliyochota udongo.

Leo baada ya ibada Karin alikuja kwa baiskeli, peke yake. Alinikabidhi daftari lake la klabu na beji. Nikamwomba aketi, nikamwomba radhi, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaweka mfuko mdogo juu ya meza.

"Ni vile vitano, Bi. Lorna," akasema. "Bora viliwe."

Tangu aanze kusema, mtoto yule hajawahi kuniita hivyo.

Nimevichemsha, dada. Maganda yamepasuka vizuri na harufu yake imejaa jikoni. Nimeketi navyo hapa na siagi na chumvi, na sijaweza kumeza hata kipande kimoja. Tafadhali mwandikie wewe. Wewe bado ni shangazi yake.

Msalimie shemeji Gus, na wanangu Roald na Inga. Mama na Orville wanawasalimu sana. Mungu awakinge na baridi ya huko, na awape afya nyote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika aibu hii,

Lorna